Mayowe Katika Mtaa wa Mastaa

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Amahoro. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, kikohozi cha Neema kimekwisha na mguu wa mama mkwe umepungua uvimbe. Maharage mmeyawahi, au mvua imeyakuta shambani? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo bado inatetemeka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia tu, ungedhani nimefukuzwa kazi. Barua anakuja nayo daktari mwenyewe, yule niliyefanya naye kazi hospitali ya kambi ya wakimbizi kule Nyarugusu, maana anarudi huko kwa majuma mawili. Mkaribishe, mpikie samaki, ile migebuka ya ziwani. Huku ng'ambo anaizungumzia kama mtu aliyefiwa.

Nikueleze basi. Bibi Doroti ninayemtunza, mama yake daktari, miguu imegoma, kwa hiyo kila asubuhi namsukuma kwenye kiti chake kabla jua halijakasirika. Hapa ni jangwa, Baba Neema. Milima ni mitupu, myekundu, haina hata kichaka cha kuchimba dawa. Jumanne iliyopita Bibi akasema, "Leo nipeleke mtaa wa mastaa." Ni mtaa wa zamani ambao waigizaji na waimbaji wakubwa wa ujana wake walijenga nyumba za kupumzikia.

Tukaingia. Barabara imefagiliwa kama sebule. Nyumba ni za chini, paa limelala bapa, kuta ni vioo vitupu, na mbele ya kila moja kuna majani mabichi yanayonyweshewa hapo hapo juu ya mchanga. Nikawakumbuka akina mama wa kijijini kwetu Titye na madumu yao ya maji, nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani. Bibi alikuwa ananionyesha kwa kidole: hapa alikaa mwimbaji aliyeoa mara nne, pale mwigizaji aliyefuga chui. Nikamuuliza, "Na sasa wanakaa akina nani?"

"Matajiri wengine. Wanakuja majuma machache wakati wa baridi."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine zinakaa nyumba zenyewe."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Lakini tulitembea karibu saa nzima bila kumwona mtu, isipokuwa basi dogo la watalii lililopita polepole, mwongozaji akisema kwenye kipaza sauti, watu wakipiga picha za mageti.

Tulipofika nyumba moja yenye mlango wa bluu, nikasikia kitu kinagonga. Ngo, kimya, ngo. Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Nikachungulia. Baba Neema, mzee alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya bwawa la kuogelea, mguu mmoja umepinda vibaya, anagonga vigae kwa pete ya kidoleni.

Nikafunga breki za kiti cha Bibi, nikaingia mbio. Papo hapo ukuta ukaanza kunisemesha! Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kisanduku: "Umeingia eneo la mtu binafsi. Ondoka mara moja." Nikaujibu ukuta, "Kuna mtu anakufa hapa!" Ukarudia maneno yale yale. Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Simu yangu niliiacha kwenye chaji nyumbani, na Bibi hana ya kwake. Nikatoka barabarani nikafanya nililolelewa kulifanya: nikapiga induru. Unaijua sauti yangu. Nikapiga mayowe ambayo kwetu yangeleta watu wa vilima vitatu, wenye panga, wenye machela, na mwingine na mtoto mgongoni.

Hakuna mlango uliofunguka. Hata pazia halikusogea.

Kisha lile basi likazunguka tena. Nikalikimbilia nikipunga mikono. Likasimama, nami nikamshukuru Mungu. Wakatoa simu zao, wakaanza kunipiga picha! Mama mmoja akasema, "Wanaigiza kama zamani, jamani," wakapiga makofi. Bibi Doroti akawakemea kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Pigeni simu ya hospitali, wapumbavu nyie!" Ndipo makofi yakakoma, na dereva akapiga.

Aliyekuja kwa miguu yake ni mmoja tu, Estebani, mwanamume anayekata majani nyumba ya tatu. Aliruka ukuta. Kiingereza chake ni kibovu kuliko changu, lakini hatukuhitaji maneno. Alivua kofia, akamfunika mzee kichwa, mimi nikamlowesha midomo kwa kitambaa na kumzuia asijigeuze, maana nilijua nyonga imevunjika.

Polisi wakatangulia kabla ya gari la wagonjwa. Swali la kwanza kwangu, "Unafanya nini ndani ya nyumba hii?" Mikono yangu ilikuwa bado imeshika kichwa cha mzee. Yule mzee akafumbua macho akasema, taratibu, "Ni mgeni wangu."

Jumamosi tulikwenda kumwona hospitali. Anaitwa Mzee Rei. Zamani alicheza filamu za wapanda farasi, na wa kizazi chake mtaani amebaki peke yake. Aliniambia alikuwa ameteleza Jumatatu mchana. Akashindwa kuita, akawa anasikia basi likipita nje. Mara tatu alisikia jina lake kwenye kipaza sauti, na kila mara mwongozaji akiwaambia watalii kwamba alifariki miaka mingi iliyopita.

"Mara ya tatu," akasema, "nikaanza kuamini."

Nilitoka nje ya wodi, nikakaa sakafuni.

Sasa, mume wangu, juzi ulinitumia picha ya kiwanja cha Kasulu mjini, na alama za ukuta wa futi nane na geti la chuma, ukasema tumhamishie mama mkwe huko apumzike peke yake, mbali na usumbufu wa majirani. Mimi ndiye niliyelilia ukuta ule, nakubali. Nilitaka tuonekane. Sasa nakuomba kwa heshima zote: mwache mama kule Titye, wanakoingia majirani bila kubisha kumuomba chumvi. Tofali ulizonunua za ukuta, jenga nazo jiko kubwa la mbele, lenye kibaraza kinachotazama njia. Ukikasirika, kasirika, nitakuelewa. Lakini usimfungie mama.

Nisalimie mama mkwe, umshike mguu polepole. Msalimie kaka yako mbadilisha fedha wa mpakani Manyovu, mwinjilisti wetu na mkewe, fundi cherehani wa sokoni aliyenishonea gauni la safari, na yule jirani mgomvi wa ng'ambo ya kijito. Huyo msalimie mara mbili. Neema mbusu paji la uso.

Ndimi mkeo nikupendaye,
Mama Neema