Mke Uliyemleta kwa Viza ya Mtumishi

Shemeji Khalfan,

Salamu nakupa kwa kuwa ni wajibu. Habari zako sikuulizi, ninazo.

Unakumbuka siku niliyokuozesha dada yangu Zuhura, Unguja, kwa kuwa baba yetu hayupo. Ulikula halua kwa kidole gumba, ukanipigia kelele mbele ya wageni, "Shemeji, sasa una nyumba Sur!" Wageni wakacheka, nami nikacheka.

Kisha ukamleta kwako Sur, Oman, kwa viza ya mtumishi wa ndani, nami nikaja kukaa nanyi. "Kwa muda tu, mpaka mama azoee." Mama yako yuko Izki, na mpaka leo hajui kama ana mkwe. Idi ile tuliyokwenda kwake, Zuhura alikaa jikoni na wasichana wa kazi, akimenya vitunguu. Mama yako akakusifu: "Huyu umempata wapi? Mchapakazi!" Ukatabasamu.

Kampuni yako huwalipia matibabu wake za wafanyakazi. Wenzako wamewaandikisha. Uvimbe wa kizazi ulipomzidi Zuhura, tulimpeleka hospitali Sur, mimi na wewe. Karani akakuuliza, "Mkeo?" Nyuma yetu alikuwa amesimama binamu yako. Ukajibu, "La. Shaghala." Mtumishi. Karani akasema bima ya kampuni haimhusu.

Zuhura hakulia. Alikwambia, "Basi, bwana mkubwa, mtumishi anaomba ruhusa ende kwao." Ukampa, upesi mno.

Amepasuliwa Unguja, kwa kuchelewa. Kizazi kimetolewa. Watoto mliokuwa mkiwachagulia majina tukivuka daraja la Aija pale Sur, wewe ukitaka wa kike aitwe jina la mama yako, hawatazaliwa.

Sasa unaniletea ujumbe wa sauti: ati nimtulize, utamwandikisha kuwa mke, kwani kibali cha serikali cha kuoa mgeni siku hizi hakitakiwi. Hakikuwa kikitakiwa hata siku ile hospitalini. Nilimsikilizisha ujumbe wako mpaka mwisho. Akasema, "Kaka, mimi nataka talaka yangu."

Kwa hiyo nenda Izki. Mtumishi hapewi talaka, hupewa tiketi. Talaka ya Zuhura utaitamka mbele ya mama yako, na kabla hujaitamka itabidi umwambie alikuwa nani kwako yule mmenya vitunguu.

Sikuombei heri wala shari. Nasubiri.

Shemeji yako, hadi siku hiyo.