Uongo Niliouandika Juu ya Mguu wa Mzee Athumani

Kibiti, Jumanne. Mvua imekatika tangu adhuhuri, joto limebaki. Nina aibu, na leo siizungushi.

Kwa muda mrefu nimehangaika kutafuta ufadhili wa kusomea ubingwa wa upasuaji wa mifupa. Mwezi uliopita nikaupata mmoja unaonifaa. Fomu ilitaka nimwelezee mgonjwa aliyenifanya niipende kazi hii. Nikamwandika Mzee Athumani, mkulima wa mpunga kutoka Salale. Alianguka kwenye ngazi ya dungu akilinda shamba dhidi ya nguruwe, akavunjika mguu. Niliandika kwamba mganga wa kijijini aliuunga vibaya, ukapinda, na hapo ndipo nilipoamua kusoma zaidi.

Hakuna mganga aliyemgusa.

Plasta ile niliifunga mimi. Wiki iliyofuata alirudi kwa boti kama nilivyomwagiza. Foleni ilikuwa ndefu, sikumpeleka eksirei. Nikamwambia anaendelea vizuri. Mguu ukaunga hivyohivyo, umepinda.

Leo asubuhi nimefanyiwa usaili kwa video. Mmoja wa wasaili akauliza, yule mganga nilimfanyaje? Nikajibu kwamba nilimfuata, nikamwelimisha, na siku hizi analeta wagonjwa mapema. Wakatikisa vichwa, wameridhika. Mtu asiyekuwepo nikamtungia mpaka tabia njema!

Mchana Mzee Athumani mwenyewe akaja kliniki, anataka dawa ya maumivu. Akaketi, akaunyoosha ule mguu.

"Dokta, mwanangu, nikuulize. Mke wangu ananisema kila siku, eti niliukanyagia mapema. Mimi nakumbuka sikuukanyagia. Au niliukanyagia usingizini?"

Miezi minane mtu anajishuku mpaka usingizini.

"Hukukosea, mzee wangu," nikasema. "Nimekosea mimi. Uliporudi nilitakiwa nikupige picha, sikukupiga."

Akatoa simu, akapiga, akanipa. "Mwambie mwenyewe. Mimi hataniamini."

Nikamweleza mkewe, Bi Zuhura, yote.

"Kumbe mume wangu nimemsema bure," akasema. Akakata simu.

Mzee nimemwandikia rufaa ya kwenda Dar kwa daktari bingwa. Mguu bado unaweza kunyooshwa. Alipoondoka nikawaandikia wale wa usaili: mganga hakuwepo, kosa ni langu. Jibu limekuja kabla ya magharibi. Wameliondoa jina langu.

Nilidhani ningelia. Sikulia. Nilichokuwa nakiwaza ni yule mzee akigombezwa nyumbani kwake, hana la kujitetea, na mimi huku nikiuandika mguu wake kwa maneno mazuri.

Sasa hivi umeingia ujumbe wa Bi Zuhura. Kesho anapanda boti ya kwanza, anataka tuonane uso kwa uso. Hakuandika anakuja kuniambia nini.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili anikute.