Kuku ndani ya tanuri

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kirumba tu wazima, babu yako bado anagombana na redio. Unauliza utajuaje kama wanakijiji wanalipenda kweli jiko lenu la utafiti.

Miaka ya tisini watafiti walituletea tanuri la kubanikia sangara kwa kuni chache. Samaki walitoka weupe, wateja wakawakataa, lakini wageni walipouliza tulijibu, "Zuri sana." Utamwambiaje mgeni zawadi yake haifai?

Siku moja mmoja wao alirudi bila taarifa, akakuta nimefugia kuku humo. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka, akavua viatu, akauliza wateja wetu wanapenda rangi gani. Tukaziba nusu ya bomba la moshi ili moshi ubaki ndani, samaki wakaiva kahawia, na bado tukatumia kuni chache.

Basi usiwaulize mkutanoni. Nenda siku wasiyokutarajia, uangalie kuku wanalala wapi.

Bibi yako