Rangi za Masomo ya Asma

Rumonge,
9 Machi 2025

Mpendwa Dada Vestine,

Shikamoo. Amahoro, amani ya huko Kasulu? Goti lako linaendeleaje, na shemeji bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri, mihogo imesimama. Ila tangu watoto waondoke nyumba imekuwa kubwa. Napika kidogo kabisa na bado chakula kinalala.

Kazi bado ninayo, ile ya kituo cha mafunzo ya ualimu. Walimu wananiletea masomo, nami nayaweka kwenye tovuti ili wanafunzi wayasome kwa simu popote walipo.

Mwaka jana alijiunga mama mmoja wa hapa, Asma, muuza mawese sokoni, anayetaka kufundisha watoto wadogo. Surua ilimharibu macho tangu utotoni. Siku moja aliingia ofisini akaniwekea simu mkononi.

"Jovita, mimi sione kitu hapa. Maandishi iko nyeupe juu ya nyeupe!"

Hayakuwa meupe. Mwalimu Bahizire anapenda rangi, na maneno yote muhimu alikuwa ameyaandika kwa manjano na rangi ya chungwa iliyofifia. Mimi niliyaona, yeye aliona pengo. Na mtihani ulikuwa unakaribia. Nikamvutia kiti, nikamsomea.

Basi akawa anakuja kila alasiri akitoka sokoni. Namsomea, ananikatiza, tunabishana, anacheka mpaka kiti kinalia. Dada, nilianza hata kuchana nywele upya ikifika alasiri.

Lakini siku moja alinizuia katikati ya sentensi. "Nitafundisha watoto namna gani, kama mimi mwenyewe nasomewa kama mutoto?" Hakucheka.

Nikaanza kupekua mipangilio ya ile sehemu ya kuandikia masomo, nikakuta unaweza kubadili rangi anazopewa mwalimu achague. Mkuu wa kituo alikubali. Bahizire alinuna kidogo: "Masomo yangu yatakuwa kama tangazo la msiba." Kisha akamtazama Asma anavyohangaika na simu yake, akasema, "Basi niachie buluu."

Nikaondoa rangi zote zilizofifia, nikaweka nyeusi, buluu ya giza, nyekundu iliyoiva na kijani kizito, kila moja nikiipima kwanza kama inatofautiana vya kutosha na weupe wa ukurasa. Masomo ya zamani hayakubadilika yenyewe. Niliyapitia moja moja, na maneno muhimu nikayakoleza herufi, ili hata asiyetofautisha rangi ayatambue. Nilijua ninachofanya, dada. Nilijua kwamba nikimaliza, kile kiti kitabaki kitupu. Nilimaliza.

Asma alipokuja nilimfungulia somo, nikamrudishia simu. Akasogeza simu karibu na uso, akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti. Ya pili pia. Halafu sauti ikakatika, midomo ikaendelea peke yake mpaka chini ya ukurasa. Akainuka akanikumbatia kwa nguvu.

"Murakoze cane, asante sana, Jovita! Sasa sitakusumbua tena."

Nikamwambia hajawahi kunisumbua hata siku moja. Alidhani ni adabu tu.

Mtihani ameufaulu, na sasa yuko Nyanza-Lac kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Huwa ananitumia ujumbe mfupi, alioandika mwenyewe, nami namjibu upesi kuliko inavyofaa mtu mzima.

Msalimie sana shemeji, na kaka yetu Theonest na mkewe, na mwambie binti yao Ineza shangazi yake amemkumbuka. Mungu awafunike nyote kwa amani yake. Usihangaike kunitumia kitu chochote. Nipigie tu simu alasiri, hata kama huna habari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Jovita