Maksai Waliozoea Kuimbiwa

Jumatano, 3 Novemba

Tumewapeleka maksai kunywa maji, tumefagia zizi, tumeingia darasani tunanuka samadi. Kama kila siku. Mwalimu wa saikolojia akafungua madirisha yote.

Asubuhi Masanja ameimbisha. Sisi wanne wa Chumba cha Sita hapa chuo cha ualimu hatulimi bila wimbo. Ni wimbo wa wapagazi, ameurithi kwa babu yake aliyebeba pembe kutoka huku Unyamwezi mpaka pwani. Yeye anasema "Mzigo mzito", Kondo na Paulo wanaitikia "Tupokezane", maksai wanavuta. Mimi nanyamaza. Nilijaribu kuimba wiki yangu ya kwanza, Kondo akauliza ni nani anamchinja mbuzi kwa kisu butu. Tangu siku hiyo nabeba nira tu.

Nimefunga. Futari amepika Paulo, katekista wa zamani, Mkatoliki wa rozari mfukoni. Uji wake wa pilipili manga unaushinda wa shangazi yangu. Shangazi hataambiwa.

Jumamosi, 6 Novemba

Mkuu wa chuo ametukusanya uwanjani. Siku ya Uhuru, nchi inatimiza miaka kumi, kutakuwa na mashindano ya plau. Si mbio. Wataangalia unyoofu wa mistari na kina chake. Chumba kitakachoshinda kitakwenda chote pamoja Choma, kijiji kipya cha ujamaa, kufundisha mwaka mzima wa mazoezi. Wa vyumba vingine watatawanywa. Mmoja Nzega, mmoja Urambo, mwingine Mungu anajua.

Halafu sharti. Mshika plau awe mtu ambaye hakuwahi kushika plau kabla ya kuja chuoni, na awe peke yake shambani na maksai wake. Mwalimu wa ujamaa ajifunze kwa mikono, amesema.

Masanja amezaliwa nyuma ya ng'ombe, hafai. Paulo amelima miaka yote, hafai. Kondo ni Mzaramo, plau ameionea hapa, lakini ng'ombe akimtazama anarudi nyuma. Nikabaki mimi, mtoto wa fundi cherehani wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Tabora. Walinigeukia wote kwa pamoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 8 Novemba

Ardhi ya Tabora kabla ya mvua ni sakafu. Plau imeruka, mpini umenipiga kifuani. Bwana Afya, maksai wa kushoto, tumemwita hivyo kwa sababu hunusa kila kitu, amenusa plau na kuendelea na safari zake. Wa kulia tunamwita Karani. Hapendi kazi kabla ya saa nne.

Kondo anasema mstari wangu umepitia kwa jirani kuomba chumvi. Wenzangu wakaimba, mimi nikavutwa.

Ijumaa, 12 Novemba

Viganja vimechubuka. Kiu. Jua halina huruma na mtu aliyefunga. Baada ya sala ya Ijumaa nimewaambia nataka kuacha, wamtafutie Kondo ujasiri mahali. Paulo akaanza kunihubiria. Masanja akamnyamazisha, akaendelea kufunga minyororo ya nira kama hajanisikia. Nilipogeuka kuondoka ndipo akasema.

"Ukiacha, sisi tumeachana. Mimi sitaki kuachana na nyie."

Masanja si mtu wa maneno. Nikarudi kushika mpini. Nina hasira naye, na ninampenda.

Jumanne, 16 Novemba

Afadhali. Mistari mitatu inatazamika. Wanatembea kando yangu, huku Masanja na Paulo, kule Kondo kwa mbali, wanaimba tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho. Maksai wakisikia tu "Mzigo" wanaanza kuvuta. Tunajisifu kwamba wamefundishika kuliko wa Chumba cha Pili. Wale wa Chumba cha Pili hupiga maksai wao fimbo. Wamechukua ngao ya michezo kila mwaka na wanatembea kama ngao wameivaa.

Jumamosi, 20 Novemba

Mwezi umeandama jana. Idi. Nimewapeleka wote watatu nyumbani. Shikamoo zilimiminika mpaka baba akachoka kuitikia marahaba. Mama amewajazia pilau kana kwamba chuoni hatulishwi, na kwa kweli hatulishwi.

Kondo akachukua nyama yote ya sahani ya Masanja, mbele ya wazee, kwa haki ya utani. Akasema Wanyamwezi walikula chumvi ya babu zake bila kulipa, leo ni fidia. Masanja akajibu kwamba chumvi ile babu yake aliibeba kichwani safari yote, kwa hiyo Wazaramo wote bado wanadaiwa ujira. Akamnyang'anya Kondo kanzu yake ya kuazima. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki Idi tamu kama hii.

Jumapili, 28 Novemba

Mvua. Hatimaye. Ardhi imelainika, plau inaingia na kutulia. Leo nimetazama nyuma nikaona mstari umenyooka mwanzo hadi mwisho. Nimeutazama kwa muda mrefu. Paulo alivua kofia kwa ajili yake.

Naogopa sasa kuliko mwanzo. Mwanzo sikuwa na cha kupoteza.

Jumatano, 8 Desemba

Chakula changu nimemsogezea Kondo. Amekula chote. Amesema Choma kuna ng'ombe kuliko watu na yeye atakufa huko, basi nishinde upesi ajue moja.

Alhamisi, 9 Desemba

Niandike kabla sijasahau lolote.

Watu wengi mno. Wanafunzi, wazazi, akina mama wa vijiji vya jirani na majembe yao mabegani, bendera kila mti. Bwana shamba ndiye mwamuzi. Kabla ya kuanza akatangaza kwamba wenzake mshindani wakae nyuma ya kamba na wasitoe sauti. Atakayetoa sauti, chumba chake kinatolewa. Eti mwaka jana kwenye mbio kuna waliozomea. Sote tuliwatazama Chumba cha Pili.

Sikuona tatizo. Wala wenzangu hawakuliona. Filimbi ikalia, wengine wakaondoka. Nikawaambia maksai twende.

Hawakwenda.

Nikawasukuma, nikawabembeleza kwa Kiswahili, nikajaribu na maneno ya Kinyamwezi ya Masanja. Karani akaanza kucheua. Bwana Afya akanusa upepo. Watu wakaanza kucheka. Nikatazama kamba. Masanja ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Paulo anasali. Kondo ameuma kofia yake. Ndipo nikaelewa tulichofanya. Mwezi mzima tumewaimbia. Wanyama hawa hawajui kulima, wanajua wimbo. Wenye wimbo wamefungwa mdomo, na aliye shambani ni mimi.

Niliona aibu kabla hata sijafungua mdomo. Kisha nikamwona Masanja anashusha mikono taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini. Alikuwa ameshakubali kwamba tunaachana.

Nikaimba. "Mzigo mzito!" Sauti ilitoka mbaya kuliko nilivyoikumbuka. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini Bwana Afya akageuza sikio. Wakapiga hatua moja, wakasimama. Wanasubiri kuitikiwa.

Nikaimba tena. Mama mmoja mnene, jembe begani, akaitikia kwa kucheka tu, "Tupokezane!" Maksai wakavuta. Mara ya tatu wakaitikia akina mama wote. Bwana shamba akainua mkono awanyamazishe, halafu akaushusha, maana sharti lilikuwa kwa wenzake mshindani, na hawa walikuwa wazazi. Nilipofika mwisho wa mstari wa pili uwanja wote unaitikia. Hata Chumba cha Pili, kwa macho yangu niliwaona, wanaitikia na kupiga makofi. Watatu tu ndio walikuwa kimya, nyuma ya kamba, wakilia kama watoto.

Nimemaliza wa mwisho. Wa Chumba cha Pili walimaliza kwanza, mistari yao imepinda kwa fimbo. Bwana shamba amepima kina kwa kijiti, amefunga jicho moja kuangalia unyoofu. Akarudia. Akaja kunishika mkono akasema, "Ndugu, unalima vizuri. Kuimba uache." Kisha akatangaza mshindi: Chumba cha Sita.

Kondo aliruka kamba, akanikumbatia, akamkumbatia na Karani. Kisha akakumbuka kwamba ni ng'ombe.

Jumapili, 9 Januari

Choma. Tumefika jana kwa lori kutoka Nzega, vumbi mpaka masikioni. Darasa halina mlango bado. Tutaanza kesho.

Ni kwao Masanja. Tumefikia kwa mama yake mpaka nyumba ya walimu ipate paa. Asubuhi nimekwenda kuangalia shamba la shule, nikachelewa huko. Kumetulia. Ng'ombe kwa mbali, moshi wa mapishi, mtu anapasua kuni.

Mama akatoka uani akaita, "Wanangu, njooni mle." Baadaye akaniona mimi bado niko mbali, akanikaripia kwa jina langu, mkono kiunoni, kwamba ugali unapoa na hatapika mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Wenzangu walikwishakaa, wanacheka, wameniachia nafasi katikati.

Kwetu nilizaliwa peke yangu. Nilijibu, nakuja mama, nikakimbia.