Meno Arobaini na Manne

Mzee Karanja,

Breki za gari la Mwalimu Githinji zimepona. Nimezitengeneza mimi, Nekesa, yule uliyemfukuza gerejini Ruiru mbele ya wateja kwa sababu ya breki hizohizo. Nilitaka usikie kutoka kwangu. Na usinikatize, kama ilivyokuwa desturi yako. Mara hii nasema mimi.

Kwanza habari za huku. Tangu tukuzike Gatundu ni miezi minne. Mkeo Mama Wambui hajambo, amepungua kidogo. Gereji yako ameshika mtu wa kupaka magari rangi, na lile shimo tulilokuwa tukiingia kukagua magari kwa chini amelifukia kwa kokoto. Vifaa vyako viligawanywa kabla hata hema halijakunjwa. Ile spana yako ya kumi na saba, uliyonikataza kuigusa miaka saba, nilimwona fundi wa pikipiki akifungulia soda.

Kwenye mazishi mchungaji alisema hakuna gari lililowahi kukushinda. Watu wakasema amina. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na sufuria, nikasema amina nami. Nilikuwa bado naamini.

Sasa nikukumbushe, maana ulikuwa hodari wa kusahau yasiyokufaa. Gari lenyewe unalijua: la buluu, la turbo, lenye bawa nyuma, lenye miaka mingi kuliko binti wa mwenye gari. Mwalimu Githinji anafundisha chuo pale Juja na analipenda hilo gari kuliko afya yake. Alilileta likigongagonga kila linapokata kona. Ukasema ni shafti inayozungusha gurudumu la mbele kushoto, na ulisema kweli. Ukaenda Nairobi kwenye skrapu, kwa wauza vipuri vya magari yaliyovunjwa, ukarudi na shafti nyingine, ukaifunga kwa mikono yako. Siku hiyohiyo ukaniambia nisafishe sensa ya ABS, kile kidude kinachosoma kasi ya gurudumu lilelile. Nikaisafisha, nikairudisha. Wewe shafti, mimi sensa.

Kesho yake Githinji akarudi. Alisema akikaribia kusimama, pedali inampiga mguuni na gari linateleza mbele kana kwamba amekanyaga sabuni. Taa ya ABS inawaka. Mtambo uliowekwa ili magurudumu yasifunge kwenye utelezi ulikuwa unaachia breki kwenye lami kavu, jua linawaka. Tuliazima mashine ya kusoma makosa, ikasema mbele kushoto. Ukasema, "Ni sensa. Nekesa amevuta waya." Nikabadilisha sensa. Taa ikawaka. Nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu. Usiku nilikuwa naota ile taa.

Aliporudi mara ya nne ulijipangusa mikono na kitambaa, taratibu, ukahakikisha kila mtu anasikia. Ukasema: "Mwanamke akishika breki, wanaume washike jembe." Wakacheka. Mama wa chai naye alicheka, na yeye ni mwanamke. Kisha ukaniambia nichukue ovaroli yangu niende.

Nasikia baada ya hapo ulichomoa fyuzi ya ABS na balbu ya taa kwenye dashibodi, Githinji akaondoka akifurahi kwamba umemaliza tatizo. Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha. Alikanyaga breki akiingia Ruiru, magurudumu yakafunga, akagonga kile chuma cha pembeni mwa barabara. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na hadi leo haunyooki vizuri. Unajua walisema ni kazi ya nani? Ulikuwepo. Ulisikia wakisema ni Nekesa, na ukaendelea kunywa chai.

Nikaosha magari Githurai 45 kwa miezi tisa. Baadaye nikapata nafasi kwenye yadi moja Thika, nyuma ya viwanda, kumwaga oili na kubadilisha filta. Mwenye yadi ni mtu mzuri, lakini aliniambia siku ya kwanza, "Breki hapana, mama. Watu wa Ruiru wanaongea." Fundi wa miaka kumi, ananyimwa hata kukaza nati ya breki. Ukitaka kujua ulichonichukua, ni hicho. Kazi ningepata popote. Jina ndilo lililokuwa moja.

Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha. Hili ndilo linalonichoma. Nilitoka Bungoma nikiwa na cheti cha chuo na mikono laini, na mafundi wengine wote wa pale Ruiru walinifukuza kwa kicheko. Wewe ulinipa ovaroli iliyokuwa ya binti yako Wambui alipokuwa akija kukusaidia. Tulikula githeri pamoja, wewe kwenye sufuria, mimi kwenye kifuniko. Mama yangu alipofariki ulinipeleka hadi Bungoma kwa gari la mteja ambalo tulikuwa tumetoka kulitengeneza breki, ukasema jaribio zuri ni safari ndefu. Uliimba nyimbo za kanisa njia nzima kwa sauti mbaya sana ili nisilie. Nilikuwa nakupenda. Naandika hivyo na hasira ninayo.

Na ulinifundisha kuhesabu. Kila kipuri cha skrapu, ulisema, kina ndugu anayefanana naye sura na si yeye. "Atiriri, sikiliza, Nekesa. Hesabu kabla ya kufunga. Na kitu cha mviringo, weka alama pale umeanzia, usijidanganye." Ulikuwa na kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, nyekundu, ulichomwibia Mama Wambui. Tone moja kwenye jino la kwanza, kisha unaanza. Hakuna fundi mwingine Ruiru aliyefanya hivyo. Walikucheka, na wewe ukawacheka wao magari yao yaliporudi.

Ulipougua ulinipigia simu mara tano. Niliiona simu ikilia kwenye meza, nikaiacha ilie. Mama Wambui anasema ulikuwa unaniita, hakujua kwa nini. Basi ukafa.

Mwezi uliopita Githinji aliingia yadi yetu Thika na lile gari la buluu. Alikuwa amenyoosha bodi na kurudisha fyuzi na balbu, kwa sababu tangu ajali anaogopa mvua kama paka. Taa inawaka vilevile, pedali inapiga vilevile. Gereji nne zilikuwa zimeshindwa. Hakunisalimia. Alisema, "Wewe ndio uliharibu. Wewe ndio utatengeneza." Mwenye yadi akanitazama. Nikasema nitalitengeneza, na nikishindwa nitaacha ufundi kabisa, nirudi nyumbani nikalime. Nilisema mbele ya watu. Ulinifundisha na hilo pia, kusema mbele ya watu.

Nilianza na kile ambacho wewe hukuniruhusu kufanya. Nilitoa sensa ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia nikaiweka kushoto. Kosa likabaki kushoto. Basi sensa zote nzima, na zile tatu za kwanza pia zilikuwa nzima. Nikapima waya kutoka gurudumu hadi kwenye kompyuta, nikautikisa, nikaumwagia maji. Mzima. Siku mbili zikapita hivyo, mwenye yadi anapita pita akikohoa. Siku ya tatu nikamwomba Githinji aendeshe kwenye barabara iliyonyooka, mimi kando yake na mashine mapajani, nikitazama kasi ya kila gurudumu. Magurudumu matatu yalisoma thelathini. La mbele kushoto likasoma ishirini na saba na nusu. Tulikuwa ndani ya gari moja, Mzee. Gurudumu moja litabakije nyuma?

Halikubaki nyuma. Lilikuwa linahesabiwa vibaya. Sensa huhesabu meno ya pete ya chuma iliyo kwenye shafti, na meno yakipungua, kompyuta inadhani gurudumu linakaribia kufunga, inaachia breki. Nilipandisha gari kwa jeki, nikatoa magurudumu yote mawili ya mbele, nikaingia chini na tochi na mswaki wa waya. Nikaanza na pete ya kulia. Shafti ya kulia haijawahi kutolewa tangu gari litoke Japani. Meno arobaini na nane. Nikaenda kushoto, kwenye ile shafti yako ya skrapu. Arobaini na manne. Nikahesabu tena. Arobaini na manne.

Nilicheka pale chini. Nilisema, kumbe Mzee naye hukosea, siku moja alisahau kuhesabu. Nilikuwa tayari nimekusamehe, nakuapia. Nikapiga mswaki mara ya mwisho ili nimwonyeshe Githinji, na chini ya uchafu nikaona tone jekundu kwenye jino moja.

Nikarudi kulia. Nikasugua. Tone jekundu.

Ungekuwa umehesabu kushoto peke yake, ningesema ulihesabu kule skrapu ukakosea. Lakini kulia? Kulia ulihesabu kwa sababu moja tu, kulinganisha. Na ungelinganisha kabla ya kufunga, usingeifunga. Uliingia chini ya lile gari baada ya malalamiko, ukahesabu zote mbili, ukajua. Ukatoka, ukajipangusa mikono na kitambaa, ukasema mwanamke akishika breki wanaume washike jembe.

Watu wa huruma wataniambia zile simu tano ulitaka kuungama. Huenda. Huenda pia ulitaka nikurudishie jeki. Ningepokea moja tu, ningejua, na mzigo huo wa kutojua nitaubeba mwenyewe, sikupi hata nusu. Lakini sikutoi kwenye lile shimo la gereji ulimohesabia kwa ajili ya simu ambazo sikuzipokea.

Nilikwenda skrapu nikahesabu meno ya shafti sita, hadi muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kusali. Nikapata ya arobaini na nane. Tulimwaga maji kwenye barabara ya udongo wa murram, Githinji akakanyaga breki kwa nguvu na mkono wake mbovu kwenye usukani. Gari likasimama. Taa imezimika, na balbu yake ipo. Siku hizi mwenye yadi ananipa breki zote.

Nilimwonyesha Githinji matone yote mawili, nikamweleza. Aliinama kuyatazama tena, ameushika ule mkono. Nikamwomba jambo moja, twende pamoja Ruiru, asimame pale mlipokuwa mkinywa chai, aseme. Akatikisa kichwa. "Nekesa, marehemu hasemwi vibaya. Tumwachie Mungu." Mtu uliyemvunja mkono! Nikajaribu mafundi wawili kwa simu. Jibu lilelile. Ukiwa hai ulinichafua kwa sentensi moja, na sasa umekufa heshima yako inalindwa na kila mtu mwenye adabu, bure.

Basi juzi Mama Wambui alinipigia. Anataka kuweka simenti kaburini, na msalaba wa chuma, na hakuna anayechomelea kama mimi. Maneno ameshachagua: Hakuna gari lililomshinda. Nikasema sawa, Mama. Nimechomelea kwa uangalifu, hakuna mshono uliopinda. Katikati, pale mbao mbili zingekutana kama msalaba ungekuwa wa mbao, nimeweka pete. Ile ya kushoto, ya meno arobaini na manne.

Alipoiona alilia, akanikumbatia. Alisema kati ya watoto wako wote hakuna aliyefikiria kukuheshimu hivyo. Nikamwacha aamini. Yeye sina ugomvi naye, nami nilimpenda mumewe pia.

Leo msalaba umesimamishwa. Wageni watapita waseme, huyu alikuwa fundi kweli. Sitawaambia kitu, nina adabu kama wao. Lakini tone lako nimeliacha, limeangalia juu. Jua na mvua za Gatundu zitalifuta, kwa hiyo nakuahidi hivi: kila mwaka, maisha yangu yote, nitakuja na kichupa cha rangi ya kucha nilipake upya. Kwaheri, Mzee wangu. Una muda sasa. Anzia pale penye alama, uhesabu, usijidanganye.

Ni mimi, Nekesa,
fundi wa breki, Thika.