Gitaa Ambalo Sikulipiga

Jumatatu, 4 Septemba 2017
Nimekata suruali nne za kwaya. Mkasi umeanza kuwa butu. Mwanangu Faida amerudi kutoka shuleni kachangamka: kazi ya historia, kila mtoto aeleze habari za mzazi wake. Amenichagua mimi na ile bendi maarufu niliyomwambia nilipiga nayo. Jumatano ya wiki ijayo ataisoma mbele ya darasa.
Mwongo mimi. Alikuwa na miaka sita, wimbo wao ulipita redioni, nikasema nilikuwepo kwenye klabu ya muziki walipoanza. Akauliza nilipiga nini. Nikasema gitaa la besi. Sasa ana kumi na minne.

Jumatano, 6 Septemba
Faida ameandika kurasa tatu. Nimezisoma cherehani ikiwa imesimama. Humo nimevaa kofia na nina jina la utani. Hayo kayatunga mwenyewe, lakini msingi ni wangu. Mapendo, mke wangu, anaujua ukweli: nilikuwa mlinzi wa mlango pale klabuni, miaka mitatu. Amenitazama tu, akaendelea kusonga bugali. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Septemba
Faida anataka picha za klabu. Siku hizi mchana pale wanapokea wageni. Nimesingizia mgongo. Nimesingizia nauli ya teksi. Kasema tutatembea, kutoka mtaani kwetu Bertrams si mbali.
Nilipanga kumwambia tukiwa mezani. Nimekula, nimenawa, nimerudi kwenye cherehani. Woga mtupu.

Jumamosi, 9 Septemba
Nimeumbuka. Tena nimejiumbua mwenyewe.
Tulifika saa tano. Nyuma yetu, kundi la watalii. Faida akatangulia kuingia. Sijui miguu ilinipelekaje. Nilisimama upande wa kushoto, mgongo ukutani, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine nimeunyoosha kwa mama wa kwanza afungue mkoba wake. Akaufungua! Wa pili naye. Nilikagua mikoba mitatu kabla sijajishtukia. Miaka ishirini imepita, mwili haujasahau kazi.
Faida alikuwa ndani, simu mkononi, ananitazama.
"Papa," akasema, kwa Kiswahili ambacho siku hizi hataki kukisema, "kumbe ulikuwa unachunga mulango?"
Nikasema ndiyo.
Hakupiga picha hata moja. Kwenye picha za ukutani wamo wale vijana wa bendi niliokuwa nikiwafungulia mlango. Sikuwaangalia usoni. Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma.

Jumapili, 10 Septemba
Kanisani nilikaa kiti cha mwisho. Naona aibu kwa uongo. Na aibu nyingine, mbaya zaidi: mlango ule ndio ulioninunulia cherehani yangu ya kwanza, nami nimeuficha kama mali ya wizi. Faida hanisemeshi. Ana haki.

Jumatano, 13 Septemba
Zile kurasa tatu nilizikuta kwenye pipa la taka. Asubuhi kaniletea ukurasa mmoja mpya, akasema nisome haraka, atachelewa. Ameandika kwamba baba yake alifanya kazi klabuni wakati bendi inaanza. Kazi gani, hakusema. Si uongo. Amenisitiri tu, mtoto mdogo hivyo, na hilo limeniuma kuliko Jumamosi.
Nikachukua kalamu, nikaongeza: alikuwa mlinzi wa mlango. Kiingereza changu kibovu. Faida akasahihisha neno moja, akaukunja ukurasa, akautia begini. Nikamsindikiza mpaka kwenye robot, taa za barabarani. Taa ikawa kijani, akavuka.